Namchoraje mtu asiye na picha?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari iliyo juu ya mji wa Moshi. Mwaka huu mimi na kijana mmoja anayechora mabango mjini tumeamua kutengeneza kijitabu cha michoro kuhusu watu wa Kilimanjaro na Meru ambao vitabu vya shule huwataja kwa mstari mmoja au haviwataji kabisa. Tumekwama mapema, kwa kuwa wengi wao hatuna picha zao. Mwalimu mwenzangu anasema kumbunia mtu uso ni kuwadanganya wanafunzi, na mchoraji wetu anasema kitabu kisicho na nyuso hakuna atakayekifungua. Nani ana haki, na tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, wote wawili wana haki, na ndiyo sababu mmekwama. Uso uliobuniwa na kuchapishwa bila maelezo ni ushahidi wa uongo, kwa kuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza hana njia ya kutofautisha mchoro uliotokana na picha ya kweli na mchoro uliotoka kichwani mwa mchoraji. Lakini ukurasa usio na mtu nao unasema jambo: unamwambia mwanafunzi huyo huyo kwamba mahali pale hapakuwa na mtu, na huo ni uongo mkubwa zaidi. Njia ninayoifuata mimi, ambaye kwa miaka mingi nimechora hapa Arusha kwa ajili ya maonyesho na vitabu vya watoto, ni kuanza na kazi aliyoifanya mtu huyo na mahali alipoifanyia. Uso huja mwisho, na unapokuja huwa na alama ya kueleza kwamba umekisiwa.

Nikupe mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio ninaoupenda kuliko yote. Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na majina yao yamo katika kila kitabu kinachoutaja mlima Kilimanjaro. Katika simulizi la safari ambalo Meyer mwenyewe alilichapisha yumo pia mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani. Wapagazi wengine waliporudishwa chini, yeye alibaki na wageni hao wawili kwenye kambi ya juu, zaidi ya mita 4,300 kutoka usawa wa bahari, akitunza kambi na kupika wakati wao wakipanda. Mtu wa mwambao, wa nchi ya minazi na joto, alikaa kule siku kadhaa, mara nyingi akiwa peke yake, mahali ambapo maji huganda usiku. Wanafunzi wako wamelikariri jina la Meyer tangu shule ya msingi; ni wangapi wamewahi kulisikia jina la Mwini Amani?

Kaa na mchoraji wako mwulizane: saa kumi alasiri mtu huyu alikuwa akifanya nini? Alikuwa akipika. Kwa kimo kile maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 86 hivi badala ya 100, ndiyo maana mchele ambao Pangani huiva upesi, kule juu hukaa motoni muda mrefu na bado hubaki na kiini. Kuni nazo ni za shida, kwa sababu nyika ile iliyo kati ya Kibo na kilele cha pili, Mawenzi, ni mawe, changarawe na vichaka vifupi vilivyotawanyika. Kwa hiyo mchoro wa kwanza uwe wa mikono miwili ya mtu aliyechuchumaa, sufuria, jiwe juu ya mfuniko ili mvuke usipotee ovyo, na kijilundo cha vijiti ambacho msomaji anaona wazi kwamba hakitafika asubuhi. Mpe Mwini Amani theluthi mbili za ukurasa. Mgeuze kidogo, bega lielekee kwetu na uso uonekane robo tu, ukipata mwanga wa moto. Meyer na Purtscheller wawe nukta mbili nyeusi kwenye mteremko wa mbali. Mwanafunzi akishauona ukurasa huo, hutahitaji kumwandikia sentensi ya kumwambia kwamba kuna watu walisahauliwa.

Na hapo hapo kuna mtego ambao wachoraji wengi wa kwetu huingia bila kujua. Kibo unachokiona leo asubuhi ukiwa uwanja wa shule si Kibo cha 1889. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshayeyuka. Mchoraji wako akipiga picha ya mlima kwa simu na kuifuata mstari kwa mstari, atakuwa amemweka Mwini Amani chini ya mlima wa karne nyingine. Barafu ya wakati ule ishuke chini zaidi, iwe nene, iwe na kuta. Mwambie aitazame michoro na picha za zamani za mlima kabla ya kugusa karatasi.

Sasa nirudi kwenye hofu ya mwalimu mwenzako, kwa maana ni hofu ya haki. Kila mchoro wangu wa historia una karatasi yake pembeni, na karatasi hiyo nimeigawa sehemu tatu: nilichosoma, nilichoambiwa, nilichokisia. Katika mchoro wa Mwini Amani, jina, asili yake ya Pangani, kambi na kimo chake vinakwenda kwenye nilichosoma. Jiwe juu ya mfuniko linakwenda kwenye nilichokisia, kwa kuwa ndivyo mpishi yeyote mwenye akili angefanya lakini hakuna aliyeniandikia kwamba yeye alifanya hivyo. Uso pia unakwenda huko. Kisha mgawanyo huo nauleta kwenye mchoro wenyewe: kilicho na ushahidi nakichora kwa mstari mzima wa wino, na nilichokisia nakichora kwa mstari mwembamba uliokatikakatika. Chini naandika maneno machache tu, kwa mfano, "Uso umekisiwa, kambi imechorwa kutokana na maandishi ya 1890." Nimewahi kuona watoto wa darasa la sita wakiwekeana vidole juu ya mistari iliyokatika na kubishana kama mchoraji amekisia vizuri. Wakati huo walikuwa wakifanya kazi ya mwanahistoria, na hakuna aliyewaamuru.

Jambo la pili ni nafasi ya mtu katika picha. Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vilijaa michoro ya kuchongwa ambamo mgeni amesimama katikati, na wenyeji wamepangwa nyuma yake kama miti. Ukimchora mtu aliyesahauliwa kwa kufuata mpangilio ule ule, hata ukiandika jina lake kwa herufi kubwa, jicho la msomaji litamwendea mgeni. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima wenu kwa mara ya kwanza, na hilo ndilo tukio ambalo vitabu huliita kugunduliwa kwa Kilimanjaro. Aliyeongoza msafara wake alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Rebmann anaandika katika shajara yake kwamba aliona kitu cheupe akadhani ni wingu, akamwuliza mwongozaji wake, naye akajibu kwa neno moja ambalo Rebmann aliliandika "beredi", yaani baridi. Basi mgeuze msomaji asimame upande wa Bwana Kheri. Mbele tuone kilemba, bega na mkono ulioinuka kuelekea mlimani, na pembeni, akiwa mdogo, mgeni na mwavuli wake, maana Rebmann alisafiri na mwavuli badala ya bunduki. Mmoja anashangaa, mwingine anajibu kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wake. Mchoro huo unaeleza neno "kugundua" kuliko kurasa mbili za maelezo.

Kuhusu Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye najua utamtaka kitabuni, nenda kwa uangalifu. Marangu wanamkumbuka kama kiongozi wa njia wa safari ya 1889, alienziwa mwaka 1989 mlima ulipotimiza miaka mia moja tangu kupandwa na Meyer, na alifariki 1996. Watafiti hawakubaliani kuhusu sehemu yake katika safari hiyo. Usimfikishe kileleni kwa kalamu yako, wala usimwondoe njiani. Mchore msituni, kwenye ukungu na mizizi, akiwa mbele ya msafara, na maelezo ya chini yaseme kwamba hivi ndivyo Marangu wanavyokumbuka. Kumbukumbu ya watu wa Marangu nayo ni habari ya kihistoria, na ina haki ya kuchorwa ikiwa imetajwa kwa jina lake.

Sasa vitu. Hapa ndipo ninapowaomba wachoraji wawe wakali kuliko mahali pengine popote, kwa sababu msomaji husamehe uso usiofanana lakini mzee wa Kichaga hasamehi mgomba uliochorwa vibaya, na akishaona kosa hilo hataamini tena lolote lililomo kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita nilichora soko la mlimani la zamani, wanawake wakishuka na mikungu ya ndizi. Kabla ya kutia wino nilimpelekea rasimu bibi mmoja wa Marangu. Aliishika karatasi mbali na macho, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akakaa kimya hadi nikaanza kujisifu moyoni. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu mama hajawahi kubeba ndizi." Nilikuwa nimeuweka mkungu juu ya kichwa kitupu. Alifungua kitenge kilichokuwa mabegani mwake, akakisokota, akakizungusha kuwa ngata, akanivika kichwani, halafu akachukua kikapu cha magadi kilichokuwa hapo karibu akakiweka juu. Shingo yangu ilinyooka yenyewe, mabega yakashuka, na miguu ikaanza kutafuta ardhi kwa tahadhari. Nikaelewa kwamba kosa langu halikuwa la ngata pekee. Wanawake wote kumi na mmoja niliokuwa nimewachora walikuwa wanatembea kama watu wasiobeba kitu. Niliichora upya picha nzima.

Mambo ya namna hiyo yako mengi, na mengine yanahitaji kalenda kuliko macho. Wachoraji hupenda kupanda mibuni chini ya migomba katika picha ya mwaka 1850, ilhali kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Huezeka nyumba kwa mabati wakati nyumba ya Mchaga wa zama hizo ilikuwa ya majani, yenye umbo la mviringo lililochongoka juu. Humchora morani wa Kiarusha wa 1896 akiwa na shuka nyekundu ya mirabamiraba, vazi ambalo limekuja kutawala baadaye sana katika karne ya 20. Wakati ule ilikuwa ngozi iliyopakwa mafuta na udongo mwekundu, na kwa wachache kitambaa cha merikani au kaniki kilichopatikana kwa biashara ya misafara. Humpandisha mtu treni Moshi kabla ya 1911. Hata Moshi yenyewe huwachanganya, kwani Moshi ya Mangi (yaani mtawala wa Kichaga) Rindi na ya Mangi Meli ni Old Moshi, kule mlimani, na mji mnaouita Moshi leo ulikua chini tambarare baada ya reli kufika. Na isale, ule mmea wa mipakani, mwalimu, tafadhali lisichorwe kama jani la muhindi. Lina majani membamba yaliyochongoka, yamejipanga kuzunguka ncha ya shina, na kwa Mchaga ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ni ombi la msamaha, kwa hiyo halichorwi kama pambo la kujazia kona tupu.

Pa kupata vitu hivyo pako, tena bila kwenda mbali. Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, iliyoingia Kilimanjaro mwaka 1893, iliacha picha nyingi za Kilimanjaro na Meru, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Southern California ambapo yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama. Zitumieni kwa ajili ya nyumba, vyombo, mavazi na namna mtu alivyosimama. Msichukue uso wa mtu asiyetajwa jina humo mkaufanya uso wa shujaa wenu. Yule naye alikuwa mtu, na kumvika jina la mwingine ni kumsahaulisha mara ya pili. Kwa upande wa Arusha, ingieni boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho, mkachore kuta zake kwa macho yenu. Jiwe la ukuta ule likichorwa papo hapo lina uzito ambao halina likinakiliwa kwenye simu.

Yuko mtu mmoja ambaye ningeomba msimwache, naye ni Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyefariki 1927. Kati ya 1913 na 1916 aliandika madaftari tisa ya historia ya Wachaga, akikusanya habari za wamangi, vita, koo na desturi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi miaka mingi, alitumia maandishi yake, na waandishi wa Kizungu waliokuja baadaye nao wakachota humo. Majina yao yako kwenye majalada ya vitabu, lake limebaki kwenye maelezo ya chini ya kurasa. Mchoraji wako atauliza, na atakuwa na sababu, kwamba mtu anayeandika anachorwaje ili mtoto asifunike kitabu? Hakuna mkuki hapo, hakuna barafu.

Mimi ningemchora akiwa anasikiliza. Mzee ameketi kwenye kigoda, mkono wake umesimama hewani katikati ya maneno, na Mtui mbele yake ameinamisha kichwa, daftari juu ya goti, kalamu imetulia milimita moja kutoka kwenye karatasi kwa sababu sentensi ya mzee haijaisha. Hiyo milimita moja ndiyo picha yenyewe. Kwa kuwa miaka hiyo ilikuwa ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na mapigano kati ya Waingereza na Wajerumani yalifika hadi huku Kilimanjaro mwaka 1916, unaweza kuonyesha kwa mbali barabarani mstari wa wapagazi na askari wakipita, bila mmoja kati ya hawa wawili kugeuka. Halafu ukurasa unaofuata usiwe na mtu: madaftari tisa yamepangwa juu ya meza, yamechorwa kwa ukubwa wake halisi, kingo zake zimechakaa. Mwisho wa sura hiyo waachie wanafunzi ukurasa mmoja wenye mistari mitupu, waende nyumbani wakamwulize babu au bibi jambo moja na kuliandika humo. Wewe ni mwalimu, utalijua swali la kuwapa kuliko mimi.

Mangi Meli ni mlango mwingine, na naomba mwuingie mkiwa mmevua viatu. Alirithi kiti cha baba yake, Mangi Rindi, mwaka 1891. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na nguvu kubwa wakamshinda. Na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Mafuvu ya watu wengi wa huku yalipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 huko Berlin vipimo vya vinasaba viliyaoanisha machache kati yake na familia zilizo hai hapa Tanzania, na la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwake. Maana yake ni kwamba mnapochora habari hii, mnachora msiba ambao matanga yake hayajaisha.

Ushauri wangu ni kwamba msichore miili iliyoning'inia. Wakoloni waliwanyonga hadharani kwa makusudi, ili picha hiyo ikae vichwani mwa watu na kuwatia hofu. Mkiichora upya kwa ustadi, mtakuwa mmewamalizia kazi yao. Najua wapo wachoraji wasiokubaliana nami, wanaosema ukatili usipoonyeshwa hupunguzwa, na hoja yao naiheshimu. Lakini kwa kitabu kitakachowekwa mikononi mwa watoto wa koo zile zile, ningemchora Meli akiwa hai, mwaka 1892, kijana aliyeshinda, na kwa ajili ya 1900 ningechukua ukurasa mzima nikachora mashina 19 ya masale, kila moja peke yake, na chini ya kila shina jina la mtu mnayemjua. Chini ya lile ambalo hamjapata jina lake, acheni nafasi nyeupe. Kabla ya hapo nendeni kwa wazee wa ukoo, mkae, mseme mnachotaka kufanya, na mkubali kuambiwa hapana. Mkipewa ruhusa, warudieni na rasimu. Wao ndio watakaowaambia, kwa mfano, kwamba Rindi alikuwa na jicho moja na kwamba kulificha jicho hilo kwa adabu ya kalamu ni kumfanya mtu mwingine.

Kwa wale wenye picha, tatizo hugeuka. Kirilo Japhet wa Meru tunaye katika picha, amevaa suti, na jina lake linajulikana kidogo kwa sababu mwaka 1952 alikwenda New York kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda mbele ya baraza hilo. Shauri hilo liliandaliwa kwa msaada wa Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo Moshi. Wasio na picha ni watu wapatao 3,000 wa Engare Nanyuki ambao Novemba 1951 walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye ardhi yao, wakiziacha nyumba zao zikichomwa, na watu wa kawaida waliochanga fedha ili mtu wao asafiri. Hapo chora mchango. Chora kiganja kimoja kinachotoa shilingi ya wakati ule, yenye kichwa cha Mfalme George VI upande mmoja na simba mwenye milima nyuma yake upande wa pili, na kando yake rundo la senti zenye tundu katikati, kama zilivyokuwa. Sarafu hizo bado zipo kwenye masanduku ya bibi zetu. Mchoraji wako aziazime, aziweke mezani, azichore kwa kuzitazama. Mfalme ambaye serikali yake ilichukua ardhi, kichwa chake ndicho kilicholipia nauli ya kwenda kumshtaki. Usiandike hilo popote. Chora sarafu vizuri tu, mwanafunzi mmoja ataliona na atawaambia wenzake.

Wote niliowataja kwa majina hadi hapa ni wanaume. Ongeza Lucy Lameck, mzaliwa wa Njoro, Moshi, mwaka 1934, aliyesomea uuguzi, akaingia katika siasa za kudai uhuru, na baada ya uhuru akawa mwanamke wa kwanza nchini kuingia katika safu ya uwaziri. Alifariki 1993, kwa hiyo wapo wanaomkumbuka sauti na mwendo, waulizeni mapema. Na wanawake wasioandikwa kokote, waliobeba mikungu, waliopika mbege, ile pombe ya ndizi, waliokata majani ya ng'ombe alfajiri, wachorwe kwa kazi zao bila kubuniwa majina.

Kijana wako huenda ameshajaribu programu za akili mnemba zinazotoa picha kwa maelezo ya maneno. Mimi sizitumii kwa kazi hii. Ukiziomba Mchaga wa 1890 hukupa mtu mwenye shanga za Kimasai, amesimama mbele ya nyasi za Serengeti, na hazina karatasi ya kukwambia kipi zimesoma na kipi zimekisia. Mchoraji unaweza kumwuliza kwa nini ameweka ngata, naye akakujibu.

La mwisho ni la vitendo. Kitabu chenu kitapigwa kopi, hilo siwezi kulipinga, na mashine ya kopi ya stesheneri za mtaani huua kivuli cha rangi ya maji na kukifanya doa jeusi. Chora kwa wino mweusi na mistari iliyo wazi, vivuli viwe vya mistari inayopishana, na ile mistari iliyokatikakatika ya kukisia isiwe myembamba mno hadi ipotee kwenye kopi ya pili. Mjaribu ukurasa mmoja kwenye mashine mbovu kuliko zote mnazozijua kabla ya kuchora wa pili. Na huo wa kwanza uwe wa Mwini Amani. Nitumieni ukiwa bado wa penseli, pamoja na karatasi yake ya sehemu tatu.